Kile Kisichopiga Kelele

Endamarariek
14 Februari 1982

Mwanangu Cresensia,

Kosa wanalofanya watu wengi wenye Land Rover kuukuu ni kutengeneza kile kinachopiga kelele. Nimeliweka neno hili mbele ya salamu kwa sababu nakujua: salamu unaziruka kama mbuzi anavyoruka mtaro. Sasa rudi nyuma uzisome.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako mkubwa Marsela anakusalimu, na anasema ile lubega nyekundu ya Kimasai uliyomletea kutoka Olbalbal ameifanya pazia, usikasirike. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike. Mbegu tumeshaziweka ardhini, tunangoja mvua, nayo inatungoja sisi tukate tamaa kwanza, kama desturi yake.

Habari ya gari. Unasema likishika mwendo linagonga chini, ko-ko-ko, na fundi wa Karatu ameshatoa hukumu kwamba gia boksi imekufa na anataka kuishusha. Usimruhusu. Gari ni chuma kilichounganishwa na chuma. Sauti husafiri ndani yake kama habari kijijini: anayeisema kwa nguvu si lazima awe ndiye aliyepatwa. Fanya hivi. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha ulale chini yake. Shika propela, yaani ule mhimili mrefu unaotoka gia boksi kwenda magurudumu ya nyuma. Ujaribu kuuzungusha kwa mkono, kulia na kushoto. Ukiona unacheza pale kwenye maungio, basi ugonjwa ni krosi tu, kidude kinachoenea kiganjani, na gia boksi yako haina hatia.

Baba yako Martini, Mungu amrehemu, alikuwa na sikio lakini hakuwa na subira. Siku ile ya mwaka 1964 tuliponunua gari kutoka kwa mlowezi wa Oldeani aliyekuwa akifunga virago, mzungu yule alitoa vitu viwili: ufunguo na kitabu cha gari. Martini akanyakua ufunguo. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mwalimu, chukua kitabu." Hivyo ndivyo tulivyogawana Land Rover ile miaka yote hadi alipofariki. Yeye aliendesha, mimi nilieleza.

Niandikie umeona nini. Usiniandikie fundi amesema nini.

Baba yako mkubwa,
Patrisi Tluway


Zahanati, Olbalbal
9 Machi 1982

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama Mkubwa, shikamoo.

Salamu nimezisoma zote, hata ile ya pazia. Mama Mkubwa, lubega ile nilipewa na mzee Moloimet, mkubwa wa boma lililo jirani na zahanati. Akipita huko akaiona imening'inia dirishani, mimi nitakimbilia wapi?

Huku ni vumbi tupu. Bonde limekauka, punda wanaondoka alfajiri kwenda kutafuta maji na wanarudi jua likizama. Wagonjwa wangu wengi ni watoto wenye macho mekundu na kina mama wanaojifungua. Mimi ni mzima.

Ilikuwa krosi. Nililala chini ya gari kama ulivyosema, watoto wa boma wakajipanga kunitazama miguu. Propela ilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomwonyesha fundi wa Karatu alinuna, akaniuliza, "Dada, wewe ni nesi au makanika?" Nikamwambia, "Nesi ni mimi. Makanika yuko Endamarariek, amestaafu ualimu."

Lakini Baba Mkubwa, niseme ukweli. Krosi ilitoka Arusha, na kuipata kumekula nusu ya mshahara wangu. Kabla yake ilikuwa rejeta, na kabla ya rejeta kabureta. Kuna mfanyabiashara wa Karatu anayelitaka gari. Anasema, "Dada, gari la umri huu linakula kuliko mke wa pili, tena halipiki." Zahanati haina gari jingine, na kutoka hapa kwenda hospitali ni kupanda ukingo wote wa kreta. Ndiyo maana sijamjibu.

Njoo ulione mwenyewe. Lori la unga hupanda kila mwezi kutoka Karatu, dereva wake anaitwa Metui, ni mtu wa kuaminika. Utakaa mbele.

Mwanao,
Cresensia Martini


Endamarariek
11 Aprili 1982

Mwanangu,

Leo ni Pasaka. Tumetoka kanisani tumelowa hadi ndani ya viatu, kwani mvua imekuja kwa pupa. Marsela amepika kuku, na amesema lubega itashushwa dirishani mara moja.

Umenena juu ya gharama, na nataka nikueleze. Bei ya spea si bei ya matengenezo. Spea ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni barabara: basi la kwenda Arusha, siku za kungoja, na kurudi na kitu kisicho saizi yake. Na sehemu kubwa kuliko zote ni kununua kisichohitajika kwa sababu mtu ameogopa kelele. Wewe umelipia krosi na barabara yake. Gia boksi hukuilipia. Kwa hesabu zangu za mwalimu, umepata faida.

Mwaka 1969 mimi na baba yako tulikuwa tunapeleka mahindi huko huko Olbalbal. Tulipomaliza kuteremka, jani kuu la springi ya nyuma likakatika. Gari likakaa chini upande mmoja kama ng'ombe aliyechoka. Spea hatuna, Karatu ni mbali, mahindi yamejaa. Akaja mwanamume mmoja na ng'ombe zake, akatutazama, akaondoka. Martini akasema, "Umeona? Hata hakutupa pole." Baadaye yule mtu akarudi na ngozi mbichi ya ng'ombe. Akaikata mikanda mirefu, akaifunga springi yote, raundi juu ya raundi, akivuta kwa meno. Akasema, "Sasa kaeni kwenye kivuli. Jua litakaza." Na kweli, ngozi ilipokauka ilibana kuliko waya. Tulifika Karatu na mkanda ule, na Martini aliuacha palepale hadi tulipopata springi nyingine. Mtu yule ndiye Moloimet. Akikuuliza juu ya pazia, mkumbushe ngozi.

Kuja huko kwa sasa hakuwezekani. Kuna matope, kuna maharage, na goti langu halitaki ngazi ya lori.

Kuhusu mfanyabiashara wa Karatu, nimesikia. Mvua imeanza vizuri.

Patrisi


Olbalbal
6 Juni 1982

Baba Mkubwa na Mama Mkubwa, shikamooni.

Nisameheni kwa kimya kirefu. Lori halikuja mwezi uliopita kwa kukosa mafuta, na mimi nilikuwa na kazi nyingi.

Habari njema ni kwamba Namelok, binti wa mzee Moloimet, amejifungua mtoto wa kiume. Uchungu ulikwama, nikaona hapa zahanati sina la kumfanyia, nikamlaza nyuma ya Land Rover tukapanda kwenda hospitali. Ukungu wa huko juu ulikuwa mzito hata mama yake Namelok akawa anatembea mbele ya gari akinipigia kelele za njia. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungerudi na maiti wawili. Wote wazima.

Gari pia ni zima, isipokuwa nimebadilisha taa ya kulia, nimenyoosha bampa, na nimeweka viatu vipya vya breki za nyuma, vile vya zamani viliungua.

Sasa nina swali moja kubwa. Nyuma, upande wa kushoto, pale mwisho wa springi unaponing'inia kwenye chesisi, kuna kipande chenye ufa. Sikijui jina lake. Kutu na udongo vimekiziba, siwezi kuona kama kimefungwa kwa nati au kimechomelewa. Nimekuchorea ukurasa mzima hapo nyuma. Mshale ndio ufa. Tafadhali linganisha na picha ya kitabu chako. Kama ni kipande cha kufungua, nitakibadilisha. Kama ni chesisi yenyewe imepasuka, gari hili halifai tena kubeba mama mjamzito, nami nitamuuzia yule mtu alichinje spea.

Mwanao,
Cresensia


Endamarariek
4 Julai 1982

Mwanangu Cresensia,

Tumefurahi sana kwa habari ya Namelok. Marsela ameimba jikoni. Maharage tumevuna, si haba.

Umeandika taa ya kulia, umeandika bampa, umeandika viatu vya breki vilivyoungua. Hukuandika ulichogonga. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na mtoto anayetaja vitu vitatu kwa mpigo bila kusema "kwa sababu" nimekutana naye mara nyingi.

Basi nikuambie mimi. Ulikuwa unateremka kutoka juu. Mafuta hayapatikani, na ukafanya wanavyofanya madereva wote wa njia ile siku hizi: ulipofika kichwa cha mteremko uliachia gia ili gari lishuke bure. Sikulaumu kwa kubana mafuta. Nakueleza tu kinachotokea. Gia ikiwa ndani, injini hulishika gari, kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe kwa nyuma. Ukiiachia, mlima wote unabebwa na breki peke yake. Breki zinapata moto, moto unakula viatu, na unapokanyaga pedali inakwenda hadi chini kama umekanyaga uji. Na angalia jambo hili: hakuna kelele yoyote. Gari linaloteremka bila gia ni tulivu kuliko gari lolote. Watu husema, "Leo gari linakwenda vizuri."

Baba yako alikuwa na desturi pale juu, kabla ya kuteremka. Alisimama, akaingiza gia nzito, akaniambia, "Mwalimu, sasa tunashuka kama bibi harusi." Kisha taratibu, injini ikilalamika njia nzima, hadi tukaliona bonde lote la Olbalbal limelala chini yetu, jeupe, na moshi wa maboma. Mara nyingi huiona njia ile sasa, vizuri kuliko nilivyoiona wakati ule.

Shuka kama bibi harusi, binti yangu.

Kuhusu mchoro, kitabu kiko kwenye sanduku. Nitautazama siku nyingine.

Patrisi


Olbalbal
25 Julai 1982

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama Mkubwa, shikamoo.

Nilijua utajua.

Ilikuwa tukirudi kutoka hospitali, Namelok na mtoto wakiwa nyuma, mzee Moloimet amekaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Mwanzoni alisifu mwendo. Baadaye akaniambia kwa utulivu, "Binti, nani amelichoma mkuki gari hili?"

Nikamwambia, "Mzee, breki hazishiki."

"Hazishiki kidogo?"

"Hazishiki kabisa."

Akatazama nje. Akasema, "Ng'ombe mkorofi huwezi kumsimamisha kwa mbele. Msukume ubavuni kwenye ua, mwenyewe atachoka." Upande wa kulia palikuwa na ukingo wa udongo. Nikalisukuma gari huko, likakwaruza, likakwaruza, taa ikapasuka, bampa likapinda, likasimama. Mtoto hakuamka. Mzee akashuka, akalizunguka gari, akasema, "Limechoka." Kisha akanigeukia: "Baba yako alikuwa akishuka hapa akilalamika njia nzima." Nikamwambia, "Si yeye, mzee, ni injini." Akasema, "Wote wawili."

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utasema gari lirudi nyumbani.

Sasa na wewe nijibu. Mchoro, Baba Mkubwa. Kipande kile kinafunguka au ni chesisi? Ufa umeongezeka. Yule mfanyabiashara atakuja na fedha mwanzoni mwa Septemba. Kuna mama wawili hapa ambao siku zao zimekaribia, nami kila usiku najiuliza nitawabeba na nini, na kama nikiwabeba, je, nawabeba kwenye jeneza? Nangoja neno lako moja tu.

Cresensia


Endamarariek
22 Agosti 1982

Mwanangu,

Tuko salama.

Uza.

Patrisi


Karatu
13 Septemba 1982

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama Mkubwa Marsela, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma barua hii kwa sauti, na najua umesoma zote zilizotangulia. Tafadhali usome polepole, na usiruke hata kama atakuambia uruke.

Baba Mkubwa, mimi ni mwanafunzi wako, kwa hiyo nitakueleza jinsi nilivyofika hapa.

Barua yako ya Agosti ilikuwa na maneno machache, nayo yalipandana; neno la pili lilikaa juu ya la kwanza. Nikazitoa zote nilizotunza. Ile ya Februari ina mistari iliyonyooka kama ya ubaoni. Ya Pasaka herufi zimekua. Ya Julai kuna alama ya ukingo wa rula chini ya kila mstari, kama ya mtu anayetafuta njia kwa fimbo. Kisha nikakumbuka umenijibu kila nilichoandika kwa maneno, hata nilichoficha. Kitu kimoja tu hukukijibu, nacho ni mchoro. Maneno yanaweza kusomwa na mtu mwingine. Mchoro wa kipande cha chuma, Mama Mkubwa angeusemaje?

Na mtu aliyenieleza krosi kwa ukurasa mzima akaniandikia "Uza" bila kusema kwa nini. Hapo ndipo nilipolia. Nilielewa kwamba hukutaka kubahatisha. Uliona ni afadhali gari la Martini lichinjwe kuliko kuniambia "kinafunguka" na wewe hujakiona, nami nikabeba watu juu ya neno lako.

Sikuuza. Nilikwenda na mafuta ya taa na burashi ya chuma, nikasugua kutu asubuhi nzima, na nati ikatokea. Kipande kile ni shakeli, kishikio cha springi, Baba Mkubwa. Inafunguka. Chesisi ni nzima. Nilipomweleza mzee Moloimet, aliondoka, na nikajua anakokwenda. Alirudi na ngozi mbichi. Ameifunga mwenyewe, meno yamebaki machache lakini yanavuta. Akasema, "Mwambie mwalimu, jua limeshakaza." Nimepanda kwa gia nzito na kushuka hadi Karatu kama bibi harusi, na fundi yule yule aliyeninunia ameweka shakeli nyingine aliyoitoa kwenye gari bovu. Ngozi nimekuletea. Bado ngumu, utaishika.

Mfanyabiashara alikuja na fedha zake. Nikamwambia gari lina kazi. Akauliza kazi gani. Nikamwambia, kumpeleka makanika wake hospitali.

Ulinifundisha kwamba watu hutengeneza kile kinachopiga kelele. Goti lako linapiga kelele, na ndilo ulilolitaja. Macho hayapigi kelele. Mimi ni nesi, wazee wenye ukungu machoni nawaona kila wiki, na nadhani ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa. Sikuahidi, kwa maana sijayaona macho yako, na wewe ndiye uliyenikataza kutoa hukumu kabla ya kulala chini ya gari. Lakini daktari wa macho kutoka Moshi yuko hospitali ya misheni wiki hii, na jina lako nimeshaliandikisha kwa kesho.

Ukikataa nitakuelewa, na sitakuvuta. Nitakaa uani nipige honi hadi majirani wote watoke, kama alivyokuwa akifanya baba ukichelewa kuvaa viatu.

Barua hii naipeleka na Metui, ambaye lori lake linapita Endamarariek leo kuchukua mahindi. Mimi niko nyuma yake, kwenye foleni ya petroli. Nikipata galoni chache tu, nafika kabla ya jioni. Utalisikia gari kabla Mama Mkubwa hajaliona. Sikiliza lile goma la propela, ko-ko-ko. Halipo.

Mama Mkubwa, chukua kile kitabu sandukuni ukiweke karibu na mlango. Kisha leo, mara umalizapo kusoma, mvalishe koti, umtoe nje, umkalishe kando ya njia.

Cresensia